Wifi, Umeniuliza Mafuta

Wifi Zuwena, umeniuliza yapi nayapenda zaidi
katika mafuta ya Bi Raya wa Mtemani.
Ni kama kuniuliza mtoto gani nimzibe masikio
ili nimsifu mwenziwe.
Lakini umeuliza, na wewe hununua kwanza, ukajuta baadaye,
basi sikiliza.

Ukifika Wete usitafute duka. Hakuna kibao.
Muulize fundi baskeli; yeye mwenyewe
ananuka mpira na gundi, na hajui kuwa
kila akipandisha mnyororo, nyuma ya ukuta wake
kuna mwanamke anahesabu matone.
Pita uchochoro, piga hodi, vua viatu,
na kama umejipaka ya kwako, rudi ukaoge.
Hasemi mara mbili.

Chupa zake ni za dawa ya kikohozi, zimechemshwa.
Majina kayaandika kwa mkono, wino wa buluu,
na chini ya kila jina mstari mmoja wa kukuonya.

Anza na Karani.
Usilicheke jina. Ni makonyo, si karafuu yenyewe,
makonyo yaliyobaki mkekani wenye mali wakishaondoka;
juu yake sandali kidogo, na kitu kikavu
kama daftari la mizani lililofungwa mwaka wa bei nzuri.
Kaka yako nilimpaka nyuma ya sikio siku ya Idi,
akashinda akitembea kama anayedai salamu kwa kila mtu.

Fungate uiogope.
Kilua, asumini, langilangi zilizochumwa kabla ya jua,
vyote vinasema kwa wakati mmoja
kama wanawake wa upande wa bwana harusi.
Bi Raya kaandika chini: "Kwa kanga ya ndani tu."
Mimi nilikaidi. Nikaenda nayo hitima ya jirani.
Hadi leo Mama Khatibu ananisalimia kwa jicho moja.

Mvua ya Vuli mnunulie mwanao anayesoma Unguja:
mchaichai uliopondwa, ganda la ndimu, na mwishoni kabisa
harufu ya ukuta wa chokaa ulionyeshewa.
Haidumu. Saa moja, imekwenda.
Nilipolalamika alinitazama juu ya miwani:
"Na mvua je, ulitaka ikae?"

Kuna na Nyamaza. Udi na ambari,
ghali, wifi, ghali ya kuuza mbuzi.
Ukiipaka husikii kitu; utasema umeibiwa.
Nenda kapike, kasali, kagombane na watoto.
Baadaye, ukiinua mkono kufunga dirisha,
inakuita kwa jina lako la utotoni.

Haya. Hayo ndiyo ningekutajia mbele za watu.

Lakini siku ile nilipokwenda kulipa deni
Bi Raya alikuwa uani anateka maji,
na juu ya meza palikuwa na kitambaa,
kipande cha shuka kuukuu, cha kufutia vidole na midomo ya chupa.
Nilikinusa. Sikukusudia.
Mlikuwa na Karani mle, na Fungate ya mwaka juzi,
tone la Nyamaza lililompotea na likamuuma,
sabuni ya mche, vitunguu vya mchana,
na yeye mwenyewe, Raya binti Shaame,
miaka thelathini na moja ya matone.

Nilisimama nacho mpaka akanikuta.
Nikamwambia: hiki, bei gani?
Alicheka hadi akakaa chini.
Akasema hicho hakina kipimo, hakina jina,
kesho anakifua.

"Usikifue," nikasema, na sauti
ikanitoka kama ya mtu anayeposa.

Akachana upindo, upana wa vidole viwili, akanipa.
Hakuchukua pesa ya upindo. La zamani alilichukua lote.

Nusu yake imo ndani ya bahasha hii.
Usiifungulie jikoni.
Ukishanusa, nenda kanunue Karani, kanunue Mvua ya Vuli,
ni mafuta mazuri, sikudanganyi;
ila utajua nilichokuwa nikikuficha
nilipokuwa nikikuhesabia chupa.