Keekee ya Kuazima

Saa nne asubuhi, na jua bado linajishauri.
Napangusa theluji mlangoni kwa ufagio ule ule
tunaouazimisha. Ndiyo, hata ufagio una namba,
hata ufagio umo daftarini.

Wapita njia hudhani hapa tunatunza vitabu.
Tunatunza. Lakini njoo uone rafu ya nyuma:
cherehani mbili, moja husuasua,
jozi kumi na moja za viatu vya barafu
(ya kumi na mbili ilikwenda na mtu, na mtu akaenda Uswidi),
kipimo cha shinikizo la damu,
gitaa lililopungukiwa uzi mmoja,
na keekee ya umeme, rangi ya chungwa,
sandukuni mwake, na meno yake manane.

Jumanne meza ya dirishani ni ya lugha.
Berivan huja na birika la chai kutoka kwake.
Anajifunza lugha yetu, ambamo jina moja
huota mikia kumi na mitano.
Wiki hii aliuliza:
"Nyumba, nyumbani, kutoka nyumbani, nimeelewa.
Na kuwa bila nyumba? Mkia wake upi?"
Meza ikanyamaza.
Pekka, fundi wa reli aliyestaafu,
akauandika kwa herufi kubwa,
kisha akausukumia upande wake mkebe wa biskuti.

Alhamisi ni ya mbwa.
Jina lake Puuro, maana yake uji,
na kweli ametulia kama uji uliopoa.
Kazi yake kusikiliza. Kitambulisho chake
ni kikubwa kuliko changu.
Eeli ana miaka minane, neno humkwama
kama ufunguo kwenye kufuli lililoganda.
Darasani wenzake humsaidia kulimalizia,
msaada ule unaouma.
Puuro hamalizii mtu neno.
Hungoja. Hupumua. Mara nyingine husinzia,
na Eeli hushusha sauti asimwamshe,
na chini kule, sauti ilipolala,
maneno hupita yakinyata.

Sasa, keekee.
Tauno wa mtaa wa kinu aliiazima Septemba,
wiki mbili tu. Oktoba mashine ikamwandikia barua.
Novemba ikamwandikia tena, kwa ukali,
maana mashine haisomi matangazo ya vifo.
Mimi nilisoma. Nikanyamaza.
Deni likaendelea kukua peke yake,
kama wanavyosema juu ya kucha za maiti.

Leo Irja ameingia, theluji mabegani,
sanduku amelishika kama sufuria ya moto.
"Alitaka kutundika rafu," akasema.
"Matundu mawili alitoboa. La tatu hakuwahi."
Akafungua pochi, akaanza kupanga sarafu.
Nikabonyeza kile kitufe ambacho mkuu wangu
ametuomba tusikizoee.
Sufuri. Skrini haikubisha.

Hakuondoka.
Kule pembeni Eeli alikuwa anasoma habari za nyangumi.
Tulisikiliza, kila mmoja akijifanya ana shughuli,
mpaka nyangumi akapanda juu, akapumua.
Ndipo Irja akalivuta sanduku upande wake,
kidogo, kwa kidole kimoja.
"Naweza kuiazima tena? Kwa jina langu?"
Kadi hakuwa nayo. Miaka arobaini
walitumia ya Tauno.
Nikamchapia yake, ikatoka na joto.

"Unajua kuitumia?"
"Sijui."

Cherehani ikanyamaza. Berivan akainuka,
uzi mwekundu umemganda kwenye mkono wa sweta.
"Mimi," akasema. "Nyumbani kwako. Naweza."
Mkia aliouweka haukuwa wenyewe.
Hakuna aliyemsahihisha.
Puuro mwenyewe aliinua kichwa, akakirudisha.

Nikaandika: keekee moja, wiki mbili.
Nikawatazama wakipeana mikono dirishani,
nje giza limeshaanza, saa nane mchana.
Nikafuta mbili. Nikaandika nne.