Mkono wa Kushoto

Miaka sita kiwandani Changamwe
nilishona mkono wa kushoto.
Si shati. Mkono.
Mia nne na ishirini kwa zamu,
unaingia kapuni, kapu linaondoka,
na mahali fulani penye baridi
mtu ananyoosha mkono kusimamisha teksi,
kwapa halimbani,
wala hajiulizi kwa nini.

Kuliani kwangu aliketi Mbeyu,
mkono wa kulia.
Tuligawana binadamu mmoja
na mahamri mawili ya saa nne.

Kiwanda kilipofungwa tulipewa bahasha.
Mbeyu akarudi kwao Mariakani, simu yake ikanyamaza.
Mimi nikanunua cherehani ya marehemu fundi Shee wa Majengo,
iliyokuwa ikikohoa kila ikipanda mshono wa jinzi.

Shati langu la kwanza, wacha nicheke:
kushoto lilikaa kama ngozi,
kulia lilipinda kama mlango wa choo cha kupanga.
Nililivaa mwezi mzima,
mkono wa kulia mfukoni.

Kijana wa benki, tai imemkaba,
aliniuliza hati ya shamba.
Nikamwambia nina ovaloki.
Akaandika kitu kifupi sana.

Basi, daftari.
Ukurasa wa kushoto tumbo, wa kulia uzi.
Tumbo likivuka mstari,
usiku huo ni chai ya rangi.
Mtaa wa Biashara, Mzee Kanji aliniwekea mikia ya majora,
rangi ambazo hakuna shule iliyozitaka kwa sare.
Shati moja likazaa yadi nne,
yadi nne zikazaa mashati mawili,
nami nikawa kama mfuga kuku
anayejikataza mayai.

Nikalipa jina: Kushoto.
Shangazi Mwanaiki akashika tama.
"Jina la kumning'iniza mtu shingoni hilo?
Mkono wa kushoto, mwanangu, huo una kazi zake."
Nikamwambia ndio ulionilisha.

Mpiga picha za harusi wa Tudor alitaka sita.
Hoteli moja ya Nyali ikataka thelathini na mbili,
malipo baada ya siku tisini.
Hapo nusura nife.
Siku ya sitini niliuza friji,
nikanywa maji ya mtungi,
sikukopa.

Mwaka wa nne, Kongowea,
juu ya turubai, katikati ya mitumba,
nikakuta lebo yangu: KUSHOTTO.
T mbili.
Wenzangu wakanipa pole.
Mimi, Mungu anisamehe, nilivimba kichwa:
mwizi haibi jina lenye njaa.
Nikanunua moja, mia tatu hamsini,
hakunipunguzia hata kumi.

Nyumbani nikaligeuza ndani nje.
Kushoto uzi umeruka, kwapa limekunjamana,
nikafyonya.
Kulia
nikanyamaza.
Mshono ulipita kama mtu ajuaye njia gizani,
na mwisho, pale ambapo wengine hukata,
ulirudi nyuma hatua tatu.

Hatua tatu.
Nilizitazama miaka sita kwa pembe ya jicho.

Asubuhi nikaenda Mariakani,
mahamri mawili ndani ya gazeti.
Alifungua mlango, akaliona shati,
akatafuta pa kuweka macho.

"T mbili, Mbeyu?"

"Niliona nikiandika sawasawa
nitakuwa nimekuibia."

Nikatandika shati juu ya meza yake,
kidole kwenye kwapa la kushoto.
"Na hii aibu?"

Akachukua hamri, akatafuna polepole,
akanitazama shati nililovaa, langu mwenyewe,
bora ya mwaka huo,
akalivuta bega la kulia kwa vidole viwili.

"Na wewe," akasema,
"miaka minne unalificha hili
kwa kitambaa cha maua."