Siku ya Kumi na Tano

Urakawa, theluji bado haijaaga.
Mkono wangu umezama hadi kwapani,
farasi jike anahema, mvuke wake unanilowesha shingo.
Kwenye skrini, vitone viwili vyeusi,
Kurwa na Doto, kila mmoja sawa na zabibu.

"Mapacha," namwambia Hatakeyama.
Anavua kofia. Miaka arobaini ya kuzalisha, anajua:
tumbo la farasi halilei wawili.
"Fanya," asema, akiutazama mlango.

Nabana kwa vidole viwili.
Kimoja kinafutika kama pumzi kwenye kioo.

Usiku naandika ankara:
vipimo, petroli, kazi ya mkono.
Nasita. Simu inalia.
Ni dada yangu Sumie, aliyenitangulia
kwa dakika nane,
anauliza kama nimekula.