Muhuri wa Kiazi

Mvua ya Rungwe haiombi ruhusa.
Tangu asubuhi imetufungia ndani, mimi na Lusajo,
na kiazi kimoja kikubwa kama ngumi.

Nakikata katikati. Nachonga nyota kwa kisu cha mboga;
yeye anasaga mkaa, anatia maji,
anachovya, anagonga
gazeti kuukuu, mfuko wa unga, goti langu.

"Mimi mtendaji wa kijiji," anasema.
"Leta barua."
Sina barua. Nampa karatasi ya mbolea,
ile ya deni.
Anaigonga nyota tatu, anaipuliza ikauke:
"Tayari. Imelipwa."

Jioni baba yake anaisoma kando ya moto,
anaikunja polepole, anaiweka mfukoni.
Ile nusu nyingine imefukiwa jivuni,
inaiva.