Kabichi Ndani ya Koti

Baridi ikifika nyuzi thelathini chini ya sifuri
kabichi haipandi mlima wetu hivi hivi.
Kutoka soko la Narantuul hadi hemani kwetu
ni mabasi mawili na ngazi mia na kumi za barafu;
ukiitia kapuni, unafika na jiwe la kijani
ambalo likiyeyuka linatoa machozi, linalegea, linanuka.
Kwa hiyo mke wangu Tsermaa hufungua koti,
akaipakata kifuani, akafunga mshipi juu yake,
na kwenye basi vijana humpisha kiti
wakidhani, kwa miaka yake hamsini na sita, ni mjamzito.
Yeye hukaa. Hasemi kitu.

Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.
Dereva wa lori la makaa, miaka thelathini na mmoja barabarani,
nimekuzwa na mkia wa kondoo
na chai ya maziwa yenye chumvi ya kumtoa mtu jasho.
"Majani ni ya kondoo," nilimwambia, "na kondoo nimemla.
Basi majani nimeshayala."
Jirani yetu Gombosuren akajipiga paja kwa kicheko.
"Mwacha mila ni mtumwa," nikaongeza, nikajinyoosha.
Tsermaa akaendelea kukata, bila kuinua macho:
"Basi nenda ukawe huru kaburini."

Daktari Uranbileg alikuwa ameniandikia namba mbili,
moja juu ya nyingine.
"Hii ya juu," alisema, "ishuke kabla haijakushusha wewe."
Nikaikunja karatasi, nikaichomeka garini
pamoja na risiti za dizeli.

Usidhani ni ukaidi mtupu.
Barabara ya mgodini ina vibanda kumi na vinne
na vyote hupika kitu kimoja:
unga, nyama, mafuta, halafu mafuta.
Ukiuliza mboga unaletewa kiazi
na kutazamwa kama mtu aliyefiwa.
Nyanya ya Januari nayo, bei yake
hunifanya niisalimie tu na kuirudisha.
Na chumvi, hiyo ndiyo iliyonishinda:
chai bila chumvi
ni nyumba ya mama baada ya mama.

Tsermaa hakunihubiria. Alipunguza.
Punje kwa punje, kama mwizi mwenye subira,
tangu majani yapukutike hadi sikukuu ya Mwezi Mweupe,
nami nikilalamika tu kwamba chumvi ya siku hizi imedhoofu,
wauzaji wanaichanganya na nini sijui.
Naye huitikia: "Dunia imeharibika."

Kisha usiku mmoja jiko likazimika.
Mimi, mbeba makaa ya mji mzima,
ndani sikuwa na hata gunia.
Niliamka masharubu yameganda kwa pumzi yangu.
Tsermaa alikuwa zamu, akichochea tanuri la shule
watoto wa watu wapate joto.
Nikawasha kiberiti: mezani kabichi,
ya mwisho ya wiki, kingo zimeanza kumetameta.
Nikaziona ngazi mia na kumi.
Nikawaona vijana wakimpisha kiti.
Namba za daktari, kusema kweli, sikuzikumbuka.
Nikaivuta blanketini, nikaikumbatia tumboni,
ikanichoma kwa baridi yake, nikauma meno,
nikalala nayo, mzee mzima.

Alfajiri Tsermaa akafunua blanketi,
akatutazama mmoja baada ya mwingine.
"Mtoto alilia usiku?"

Siku hiyo nilikata mwenyewe, vipande vinene, vibaya.
Nyama bado ipo, sikudanganyi,
ila sasa inakuja kama mgeni, si kama mwenye nyumba.
Garini nabeba kopo langu.
Kibanda cha tisa mama hunipashia moto, hanitozi,
na juzi, akifuta meza iliyokwisha kuwa safi,
akauliza kabichi napata wapi.
"Narantuul," nikamwambia.
"Lakini vaa koti pana."