Muhtasari wa Kikao cha Mbokomu

Tulipanda na kibao cha shaba,
misumari minne, nyundo ya kuazima,
na hotuba ya mwenyekiti, kurasa sita.
Chama cha Waandishi, Moshi:
wanachama kumi na mmoja, mwavuli mmoja.

Mringaringa alioutaja katika madaftari yake yote
bado upo ukingoni mwa mfongo,
umevimba goti upande wa bonde.
Ndipo Aikande, mpwa wake, akasema:
"Shangazi hakuupigilia hata msumari wa kamba ya nguo."

Kimya.
Kibo ilikuwa imejifunika,
kama kawaida yake penye wageni.

Tukafungua daftari la mwaka wa njaa.
Humo njaa hakuiandika. Aliandika
siku maji yalipochelewa,
konokono walivyoikwea migomba,
jina la kila mwenye zamu,
na mbega aliyemwibia ndizi:
"Nimemsamehe. Hii ni mara ya tatu."

Mwenyekiti akavua viatu.
Akaikunja hotuba, akaitia mfukoni,
akashuka mfongoni penye matope na chupa.
Nasi tukamfuata, hata mweka hazina
na suti yake ya harusi.

Saa kumi na robo maji yalipita,
membamba, rangi ya chai ya maziwa,
yamebeba jani moja la isale.
Nimeyaandika kama alivyokuwa akiandika:
saa, upande, mwendo.

Kibao tulirudi nacho.
Sasa kinazuia mlango wa ofisi
upepo ukivuma kutoka Rau.