Sensa Inayosema Sijambo

Pajala, Januari. Digrii thelathini na moja
chini ya sifuri; ukitema mate
yanafika chini yakiwa changarawe.

Volvo ya Tage Vanhapiha ilivutwa kwa trekta
kilomita tisa juu ya mto ulioganda,
buluu, ya mwaka themanini na nne,
kiti cha abiria bado kimesogezwa mbele
kwa miguu mifupi ya mkewe.
"Haiwaki," alisema. "Mengine yote ni salama."
Ingvor haamini "mengine yote".
Alinipa taa nishike.

Tulianza na yaliyo rahisi, ndivyo anavyonifunza:
usimpasue mgonjwa kabla hujamuuliza amekula nini.
Cheche ipo. Niliiona, ya samawati,
ikanipiga na kiganja pia.
Pampu inaguna. Shinikizo bari mbili na nusu,
mshale umetulia kama paka aliyeshiba.
Nozeli nne nilizisikiliza kwa bisibisi ndefu,
ncha juu ya chuma, mpini sikioni:
tik, tik, tik, tik.
Zote zinafungua mdomo.
Mbona injini haishibi?

Tage alikwisha nunua chujio, plagi,
hata kompyuta iliyotumika
kutoka kwa mtu wa Övertorneå asiyetoa risiti.
Kubahatisha nako ni ufundi, alisema Ingvor,
ila mshahara wake anautoa mteja.

Kompyuta haina macho.
Imefungiwa gizani, karibu na miguu ya abiria,
inauliza kwa waya, inajibiwa kwa waya:
hewa kiasi gani? huko kukoje?
Na kwenye bloku ya injini kuna sensa
ndogo kama kidole gumba cha mtoto,
iliyoajiriwa kusema ukweli mmoja tu.

Ingvor alivua glavu kwa meno, akashika mita.
Omu mia tatu.
Akapima tena. Mia tatu.
"Kwa baridi hii? Tungeona elfu ishirini, na zaidi.
Mia tatu ni injini iliyotoka safari ndefu.
Ni chai ya kuunguza ulimi."

Nilielewa polepole, kama vidole vinavyorudiwa na damu.
Sensa imeganda hadi uti wa mgongo
na kila ikiulizwa, hujambo?
inajibu, sijambo.
Na kompyuta, mwaminifu, mjinga wa heshima,
inapunguza mafuta:
mwenye joto lake uji mzito wa nini?
Injini inakufa njaa kwa ajili ya adabu.

Hakubadilisha kitu. Alichomoa waya wa sensa tu,
akauacha uning'inie.
Kompyuta ikauliza, ikakuta kimya,
na ndani ya kimya ikadhani mabaya kuliko yote,
baridi ya kiyama,
ikamimina petroli bila kuhesabu.
"Washa."

Kikohozi. Moshi mweusi. Kikohozi kingine,
kisha silinda nne zikashikana mikono
na gereji yote ikanuka petroli mbichi.
Tage alicheka mara moja,
kwa mshtuko, kama mtu aliyekanyagwa.

Sensa mpya: krona mia mbili na arobaini.
Ingvor aliandika nyuma ya bahasha.
Halafu, akifuta mikono, bila kumtazama:
"Na wewe, Tage?"

"Sijambo." Haraka. Mia tatu kamili.

Ingvor hakujibu. Alizima injini,
akautia ufunguo kwenye mfuko wa ovaroli,
akasogeza kiti karibu na jiko.
Mimi nikaenda kutafuta kikombe cha tatu,
nikakikuta kina mafuta ya breki,
nikakiosha muda mrefu
kuliko uchafu wake.